Kiuno Arobaini na Nne

Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa nyuma wa gazeti, chini ya tangazo la dawa ya kunguni, na Mwalimu Nukta aliisoma kwa sauti yake ile ya darasani. Huko mbali, mtu mzima na akili zake amempeleka kinyozi wake mahakamani. Kosa la kinyozi ni kumnyoa vizuri kupita kiasi. Jamaa alitoka saluni anang'aa, akapendwa na wanawake watatu ndani ya wiki moja, akawakubali wote, mkewe akafungasha virago. Sasa anataka kinyozi aeleze mbele ya hakimu kwa nini siku hiyo hakumnyoa ovyo kama alivyozoea.

Benchi zima likamgeukia Wembe.

Benchi hilo liko kwenye kibaraza cha fundi cherehani wanayemwita Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu pekee ambalo mteja wake yeyote amewahi kupewa. Wanaolikalia kila asubuhi ni watatu. Kuna Mwalimu Nukta, mstaafu, ambaye akimaliza hoja huitangaza nukta ili mtu asithubutu kuongeza. Kuna Wembe, kinyozi wa chumba cha pili, anayeacha kiti chake wazi na kusema wateja wanajua pa kumpata. Na kuna Pipa, dalali wa nyumba, mtu mpana wa mwili na mpana zaidi wa maneno, anayeweza kukupangisha stoo na ukamshukuru kwa utulivu wa chumba.

"Mimi natangaza mapema," Wembe alisema. "Kuanzia leo, mtu akikaa kwenye kiti changu namuuliza kwanza: wewe ukipendeza, utajizuia? Akisema hajui, namwacha na nywele zake."

Pipa alikuwa upande wa mlalamikaji. Pipa huwa upande wa mlalamikaji siku zote, maana analalamikiwa sana na anajua uzito wake. "Tumwangalie kibinadamu," alisema. "Huyu bwana ameishi na sura yake miaka yote, anaijua, inamjua. Ghafla anakabidhiwa sura mpya bila maelekezo. Jamani, hata redio ukinunua inakuja na kijitabu."

"Kijitabu kiandikwe nini? Kwamba ukiitwa na mwanamke, sema una mke?" Wembe aliuliza.

"Kiandikwe hivyo hivyo. Wengine tunasahau."

Mwalimu Nukta alikunja gazeti. "Wa kwanza tuseme aliteleza. Wa pili tuseme alisukumwa. Lakini yule wa tatu, bwana wee, alimwendea kwa miguu yake mwenyewe. Nukta."

Kwa kawaida hapo ndipo Kesho angeingia, maana hakuna kesi ambayo Kesho hajaihukumu akiwa na pini mdomoni. Siku hiyo hakuingia. Alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi, pasi imepoa mkononi, anatazama suruali ya suti aliyoitandaza ili ainyooshe kwa mara ya mwisho. Meza ilikuwa imekwisha, suruali bado inaendelea.

"Kesho, mbona kimya hivyo?" Wembe aliuliza. "Au umemeza sindano?"

Kesho akaiinua suruali kwa ncha za vidole, mkono mmoja huku, mwingine kule, mpaka kifua chake kikapotea nyuma yake. Akasema ni ya bwana harusi. Harusi ni leo, saa nane mchana.

Bwana harusi walimjua wote. Alikuwa mdogo wa mke wake Kesho, kijana mwembamba ambaye akisimama ubavu inabidi umtafute.

Hapa lazima ijulikane kwamba kwao kijana walitaka suti itoke katikati ya mji, kwa fundi mwenye milango ya vioo. Ni Mama Mapacha, mke wa Kesho, aliyesimama kwenye kikao cha familia akasema mumewe ni fundi na suti ya mdogo wake haitashonwa na mtu baki. Aliwaambia atakayeaibika ni yeye. Na si kwamba Mama Mapacha alimlazimisha mumewe. Kesho aliiomba kazi hiyo mwenyewe, tena kwa kubembeleza, akamletea mkewe chai kitandani siku mbili mfululizo. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, na saa nne Mama Mapacha angekuja kuchukua suti. Kesho hakuwaogopa wakwe sana. Alichoogopa ni kumwona mkewe anarudi kwao akiwa mwongo.

Akalivuta daftari la vipimo. Koti lilikuwa sawa, kipimo kwa kipimo. Kwenye suruali, kwa mwandiko mzuri wa shuleni, palikuwa pameandikwa: kiuno 44.

"Huu si mwandiko wangu," Kesho alisema, na moyo ukatulia kidogo, maana alikuwa amepata mtu. "Mwalimu, umeniua."

Mwalimu Nukta alivaa miwani, akausoma mwandiko, akaukubali kwa fahari. Aliwakumbusha ilivyokuwa. Siku ya kupima, kijana amesimama katikati ya kibaraza na Kesho ana tepu, Pipa akazua ubishi kwamba yeye mwenyewe amepungua, na kama hawaamini apimwe. Kesho akamwacha bwana harusi na mikono juu, akamzungushia Pipa tepu, akapaza sauti arobaini na nne, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye Mwalimu alikuwa ameombwa ashike daftari na aandike atakachotajiwa. Ametajiwa, ameandika.

"Mwandishi haulizi kiuno ni cha nani," alisema. "Wa kulaumiwa ni mwenye kiuno. Nukta."

"Mimi?" Pipa alishika kifua. "Mimi nilipimwa kwa nia njema. Kosa ni la huyo kijana. Mtu amesimama hapo na hajazi hata kivuli chake, tepu itamkumbukaje? Angekuwa na mwili kidogo, yote haya yasingetokea."

Wembe, ambaye hakuwa na kosa lolote na aliona anabaki nyuma, akasema labda na yeye alichangia, kwa kuwa siku hiyo alimnyoa Pipa ndevu na huko kunyolewa kulimfanya aonekane mwembamba.

Basi kesi ya mbali ikasahauliwa, ikafunguliwa ya nyumbani. Wakashauriana Mama Mapacha aambiwe nini. Wembe alipendekeza wasingizie umeme, kwamba ulikatika suruali ikiwa kwenye mashine. Mwalimu akamwonyesha kanyagio la cherehani, kwamba mashine hii inakula miguu, si umeme. Mwalimu mwenyewe alipendekeza waseme kitambaa kimetanuka kwa joto. Pipa akaona njia bora ni kusema kijana amekonda: wiki ya harusi hukondesha, watu wamepotea kabisa, na kwamba fundi alishona kwa kipimo cha haki, mwili ndio uliokimbia.

Kila wazo lilipotolewa, Kesho alitikisa kichwa kana kwamba analipima. Lakini kichwani mwake palikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni siku ya kukata. Siku hiyo alikuwa peke yake kwenye mkasi. Alikiona kitambaa kinavyoenea mezani. Akili ikamwambia, wewe, kijana yule na kiuno hiki wapi na wapi? Lakini Pipa alikuwa katikati ya kisa cha mpangaji na mbuzi, na Kesho hakutaka mwisho wa kisa umpite. Akajijibu kwamba vijana wa siku hizi wanapenda mapana. Akakata. Mwalimu hakuushika ule mkasi, wala Pipa.

Alipoinua uso, Pipa alikuwa ameshaivaa suruali.

"Nilitaka tuhakikishe tu," Pipa alisema, akijigeuza mbele ya kioo. Suruali ilimkaa, tena ilimkaa vizuri mno. Mikunjo ilishuka mpaka kwenye viatu bila kusita, kiuno kikamshika bila kumbana, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane Pipa alionekana mtu anayeweza kukabidhiwa funguo. Wembe alisimama kwa heshima. Mwalimu akasema kwa kweli kazi ni safi.

"Unaona?" Pipa alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Miaka yote unanishonea zinanibana. Kumbe ulikuwa unajua."

Hapo ndipo Mama Mapacha alipoingia, robo saa kabla ya wakati, na mfuko wa nguo mkononi.

Pipa akajificha nyuma ya cherehani, ambayo ilimficha goti moja. Mwalimu akakohoa. "Shemeji, karibu," alianza. "Jambo hili lina historia ndefu kidogo."

"Mwalimu, niachie," Kesho alisema. Akaja mbele ya mkewe, mikono imemning'inia, hajui aiweke wapi. "Mama Mapacha, suruali ya mdogo wako nimeikosea. Nilipima mtu mwingine. Na wakati wa kukata niliona kabisa kwamba hapa pana kasoro, nikakata hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nasikiliza soga. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Ni mimi."

Mama Mapacha alimtazama, kisha akaweka mfuko chini, akampapasa paji la uso kwa nyuma ya kiganja. Akamgeukia Wembe, akauliza huyu amekula nini asubuhi.

"Sina homa," Kesho alisema.

"Basi niambie hilo lingine."

"Lipi?"

"Baba Mapacha, nimeishi na wewe miaka kumi na mmoja. Ukiunguza uji, ni jiko. Ukichelewa, ni njia. Nilipozaa wawili ukasema hayo ni mambo ya upande wa kwetu. Leo unaniambia 'ni mimi', kirahisi rahisi hivi? Mtu hatoi la mbele ila kwa kuficha la nyuma. Sema."

"Hakuna la nyuma. Naapa."

Akawageukia wa benchi. "Ana mke mwingine?"

"Angekuwa naye, shemeji," Wembe alisema, "angekuwa bado anamwambia njoo kesho."

Mama Mapacha hakutaka kucheka na alijitahidi sana, lakini pua ilimsaliti. Kisha akamwona Pipa, akaiona suruali, na kicheko kikakatika. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kesho aliona macho yake yamelowa, akatamani ardhi ipasuke. Hakuna lawama ambayo ingemuuma kama yale macho.

"Inawezekana?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kesho akamwambia ukweli: nguo ndogo haikuzwi, lakini kubwa hupunguzwa. Akiifumua sasa na akipata kiuno cha kijana, saa saba na nusu itakuwa tayari, mradi pasiwe na mtu hata mmoja kwenye lile benchi. Ila kijana lazima apimwe upya, na kijana yuko kwao, na kwao leo kumejaa mpaka mlangoni.

"Utawaambia nini?"

"Hayo hayo niliyokuambia wewe."

Pipa akavuliwa suruali. Alivuliwa kwa nguvu za watu wawili, akilalamika kwamba ndiye pekee aliyedhulumiwa pale, ameonjeshwa heshima na kunyang'anywa. Akaondoka akimlaumu Mwalimu. Mwalimu akaondoka akimlaumu Pipa. Wembe akarudi kwenye kiti chake na akasikika akimuuliza mteja maswali ya nidhamu kabla ya kuwasha mashine.

Kesho alizifumua nyuzi za kiuno njiani, anatembea na suruali shingoni, mkewe akiwa mbele. Sebule ya ukweni ilikuwa na mashangazi kila kiti na wajomba kila pembe. Alisalimia, akapiga goti moja mbele ya bwana harusi, na kabla hajaulizwa akayasema yote: kiuno, kisa cha mbuzi, mkasi. Hakuruka hata kimoja. Kisha akamzungushia kijana tepu, akasoma thelathini, akaandika kwa mkono wake.

Shangazi mkubwa alisema si walisema iende mjini. Shangazi mdogo akauliza basi nani aliyeruhusu. Mama mkwe akasema si yeye, yeye siku hiyo alikuwa na kichwa kinamuuma. Mjomba akasema yeye kikaoni alifika mwishoni. Mwingine akasema alikubali kwa sababu mjomba alikubali. Kosa likazunguka sebule nzima kama sahani ya karanga, kila mtu anaipokea na kumpitishia wa pili, mpaka baba mkwe akagonga fimbo sakafuni.

"Nauliza mara moja tu," alisema. "Nani alimchagua huyu?"

Mama Mapacha akasogea, akasimama karibu na mumewe aliyepiga goti.

"Ni mimi, baba. Nilimchagua mimi, tena mara mbili. Mara ya kwanza kwa ndoa, mara ya pili kwa suti. Zote mbili hakuna aliyenishika mkono."

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu, na ile suruali shingoni.

"Haya," alisema. "Hiyo ya suti bado inarekebishika."