Fataki Iliyogoma Mbele ya Mkurugenzi

Wananchi wote mnaarifiwa kwamba fataki za majumbani sasa ziko chini ya udhibiti kamili, yaani chini yangu. Mimi ndiye Mkurugenzi wa Usalama wa Fataki, na kanuni nilizitunga mwenyewe, nikiwa kwenye kiti kinachozunguka.

Kanuni zenyewe ni nyepesi. Washia mahali pa wazi, mbali na paa na kamba ya nguo. Weka ndoo ya maji karibu, na watazamaji mbali. Na fataki ikigoma, usiirudie.

Siku ya uzinduzi niliwaalika majirani uani kwangu, pamoja na bosi wangu, Katibu Mkuu. Mama mkwe aliketi nyuma kabisa, kwenye mlango wa jikoni, mbali kama kanuni inavyotaka. Wengine, kwa kuniheshimu, walisogea mbele.

Nikawasha. Utambi ukafuka moshi kidogo, ukazimika.

"Imegoma," akasema jirani yangu, fundi cherehani.

"Haijagoma," nikamsahihisha. "Imeahirisha utekelezaji."

Katibu Mkuu akatazama saa. Nikaona cheo kinaniponyoka hivihivi. Nikaanza kuiendea fataki.

"Baba, si umesema isirudiwe?" mama mkwe akaita.

"Mama, kanuni ile ni ya wananchi."

"Kwani wewe ni nani?"

Swali lilikuwa zuri, nikaahidi kulishughulikia. Nikainama, nikaupuliza ule utambi ili kuutia moyo.

Utekelezaji ukaanza.

Nyusi zangu ziliondoka bila kuaga. Cheche zikatua kwenye koti la Katibu Mkuu, naye akajitupa uvunguni mwa meza ya soda akimwita mama yake. Aliyekuja ni wangu, yaani mama mkwe. Alibeba ndoo, akanimwagia mimi, akamwagia Katibu Mkuu, akaizamisha fataki katika maji yaliyobaki, kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye cheo.

Wizara haikunifukuza. Ilisema bado nina manufaa kwa taifa. Siku hizi mama mkwe anazunguka shuleni akifundisha usalama wa fataki, na mimi husimama kando ya ubao, kimya, kwa mujibu wa barua ya uteuzi.

Jana mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono. "Bibi, na huyu mzee kazi yake nini?"

Mama mkwe akanishika kidevu, akanigeuza kuelekea dirishani penye mwanga.

"Huyu ndiye mfano," akasema. "Sogeeni mumwone vizuri. Ila msimguse, bado anauma."