Vyombo vya Moto Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya Idara ya Barabara imefika leo. Imefika kwa miguu, maana mleta barua aliiacha baiskeli yake kwenye korongo la kwanza akaja akinung'unika. Nimemkaribisha maji. Kakataa. Kasema njia hii ni ya mbuzi.

Njia ya mbuzi! Mimi nilikuwa mnyapara wa barabara hii miaka ishirini na sita. Enzi hizo yalipita mabasi matatu kwa siku. La asubuhi lilipiga honi mbele ya mlango wangu kabla chai haijachemka, na mke wangu, Mungu amrehemu, alilitumia kama saa. Greda ilipita kila baada ya mvua. Ungeweza kumwaga mtama barabarani ukaokota punje zote. Kisha wakamwaga lami kule nyuma ya kilima, mabasi yakahama, nami nikapewa cheti na saa ya ukutani. Saa haitembei.

Barua inasema barabara yangu "imeachwa", ila "iko wazi kwa matumizi ya umma". Nimeisoma mara nne. Imeachwa lakini haijafungwa. Mke akiachwa angalau hurudi kwao akapumzika. Hii imeachwa na bado kila mtu anaikanyaga.

Chini kabisa pana tumaini. Idara itafikiria kuirudia ikiwa vitapita vyombo vya moto visivyopungua ishirini kwa siku moja. Karani wa kuhesabu anakuja Alhamisi.

Wiki nzima iliyopita vilipita viwili. Kimoja kilikuwa kimepotea njia.

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu kapiga simu. Amekata shauri. Anakuja Jumapili na gari lake, na gari lisipofika mlangoni kwangu, nahamia chumba cha uani kwa Shemeji, kando ya lami. Hataki mjadala. Bado ana lile la mwaka jana, nilipougua homa na majirani wakanilaza juu ya ngazi ya mbao, wakanibeba kilomita nne hadi kwenye lami. Nimemwambia ile ngazi ilikuwa nzuri tu. Kasema, Baba, wewe ulikuwa hujitambui, mimi ndiye niliyepigiwa simu.

Nikamuuliza kama kwao kumenyesha.

Shemeji ni mdogo wake marehemu mke wangu. Ana duka kwenye lami, na tangu lami ifike anatembea kama aliyeipika yeye. Zamani alikuwa kibarua wangu. Koleo alilishika kama kijiko. Leo katuma salamu kwamba chumba kimeshapakwa rangi. Sikuuliza rangi gani. Akaongeza kuwa ni rangi ya maziwa.

Sihami ng'o. Nikihama, mifereji itazibuliwa na nani? Na kalavati je? Kalavati la kilomita ya pili nililimwaga kwa mikono yangu mwaka tuliooana. Saruji ilikuwa bado mbichi, mke wangu akaja na chakula changu, akateleza, akaegemea ukingo. Kiganja kizima kikabaki pale. Nilitaka kukisawazisha, msimamizi alikuwa mkali. Mke wangu akaniambia kiache, siku nikinuna utakuja kuzungumza na hicho. Nikakiacha. Tangu afariki nakwenda kila asubuhi kung'oa nyasi zinazokizunguka. Watu wanadhani naenda kukagua mfereji.

Mpango ni huu: nikipata karatasi ya karani yenye ishirini, binti atakubali kusubiri greda. Namjua. Anaheshimu kitu chenye mhuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimefukia mashimo sita. Yaliyobaki sikuyahesabu, kulinda moyo. Pale kwenye kona bango la PUNGUZA MWENDO bado limesimama, lakini mwendo wenyewe haupo. Jiwe la kilomita ya tatu limezama hadi shingoni. Binti yangu alikuwa akilikalia na daftari zake, akisubiri basi la shule, nami nikimkemea asichafue chokaa. Nimelifagia. Nimekaa juu yake kidogo. Limepungua, au mimi nimeongezeka.

Jioni nimekwenda kwa Mwenye Trekta. Upande huu wa kilima chombo cha moto ni chake peke yake. Nimemweleza: kesho apite, ageuze, apite tena, hadi nimwambie basi. Kakubali kwa sharti moja, nimtoe jogoo wangu kijijini. Anasema jogoo huyo anawika saa kumi na moja kamili na hajalala vizuri tangu mwaka juzi. Sharti dogo. Nimempeleka jogoo kwa jirani wa ng'ambo ya mto kabla jua halijazama.

Kiti cha karani nitakiweka pale pale kwenye kalavati. Aone kazi ya watu wa zamani. Kila kitu kimepangwa sawasawa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya siku. Naandika polepole.

Karani alifika saa moja. Msichana mpole, buti za mvua, mwavuli, fomu. Akachora mstari wa chokaa kukata barabara, hatua mbili baada ya kalavati, akasema chombo kinahesabiwa kikivuka mstari chote, mbele na nyuma. Nikamsifu kwa mstari ulionyooka.

Saa mbili, hakuna kitu. Saa tatu, mbuzi. Saa nne, mbuzi wale wale wanarudi. Trekta kimya. Nikatuma mtu. Akarudi na habari kwamba Mwenye Trekta bado kalala, na mkewe anashangaa, kwa kawaida jogoo fulani humwamsha.

Nilikaa chini.

Lakini mnyapara hakosi akili. Nikachukua fomu nikaisoma. Imeandikwa "vyombo vya moto". Haikuandikwa gari wala pikipiki. Nikakimbia nyumbani, nikapakia jiko la mkaa juu ya toroli, nikalipuliza likakolea, nikalisukuma kilomita mbili, nikavuka mstari mbele ya karani nikitoka jasho. Nikamwambia aandike moja.

Karani alilitazama jiko muda mrefu. Nikamsaidia: chombo kipo, moto upo. Akasema kwa upole, mzee wangu, chombo cha moto ni kitu kinachotumia mafuta. Kisha akauliza kama anaweza kupashia chai yake hapo. Tukapasha. Hakuandika kitu.

Trekta lilikuja saa tano na nusu, Mwenye Trekta macho mekundu. Likapita, likageuka, likapita. Karani akainua kalamu, akauliza kama hili ndilo lile. Nikamwonyesha fomu: inataka kupita, haikusema kiwe kipya kila mara. Akasoma, akakuna shingo, akaandika. Kufikia saa tisa tulikuwa kumi na saba. Ile ngurumo, lile vumbi! Nilifumba macho nikasikia mabasi yote matatu.

Ndipo akaja Shemeji na pikapu yake. Amekuja kuchukua kitanda changu mapema, eti ili Jumapili tusichelewe. Kumi na nane. Nikamkumbatia. Hajawahi kukumbatiwa nami, akashtuka, akatazama karani, akatazama mstari, akaelewa. Basi akazima gari katikati ya njia, ng'ambo ya mstari, trekta lisipite, akalaza kiti, akasema kachoka, atapumzika hapo mpaka jioni. Hasidi hana sababu.

Nikamwacha dakika tano. Kisha nikaenda dirishani kwake na uso wa msiba, nikamwambia nimesikia lori la mzigo limesimama dukani kwake na hakuna wa kupokea. Hakuuliza nimesikiaje. Kitanda kakiacha. Kumi na tisa, na vumbi juu.

Ikabaki moja. Hapa ningesema twende, trekta lipite, basi. Lakini ya ishirini nilitaka iwe na heshima. Nikamwambia Mwenye Trekta afunge tela, tukajaza kokoto mpaka juu, na kidogo zaidi, zipate kufukia mashimo kabla ya Jumapili. Nikafunga matawi mabichi mbele. Nikasimama kando ya mstari na cheti changu mkononi.

Trekta lilivuka. Tela halikuvuka. Kalavati lilitoa sauti moja fupi, likaenda chini na tela na kokoto zote. Mwenye Trekta aliruka, hana hata mkwaruzo. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilimuuliza karani kama imehesabika, kwa sababu tairi zote nne za trekta zilikuwa upande wake. Akasema tela ni sehemu ya chombo na tela liko mtoni. Nikamwomba aandike kumi na tisa na nusu. Akasema fomu haina nusu. Kwenye nafasi ya maoni akaandika kwamba kalavati limevunjika, gari haliwezi kupita. Akaniuliza lilijengwa na nani.

Nikasema sijui.

Miaka yote hiyo sijawahi kulikana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia mtoni tangu asubuhi na koleo. Natafuta kipande chenye kiganja. Saruji ipo ya kila namna, isipokuwa hiyo.

Shemeji amekuja. Amekuja kunitukana, na haki anayo, hapakuwa na lori. Alisimama ukingoni akasema yote. Kisha akauliza natafuta nini. Nilimwambia. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Kumbe na yeye kila akienda mjini enzi zile alikuwa akikigusa kile kiganja, eti kwa bahati njema. Ni mkono wa dada yake. Hilo sikuwahi kulifikiri.

Tumechimba mpaka saa kumi. Koleo sasa analishika vizuri. Nimemwambia. Kasema nimechelewa miaka thelathini kumsifu. Hatukukipata.

Jumapili, 9 Machi

Jana wamelivuta tela kwa kamba. Mimi sikwenda kutazama. Nilikuwa nyumbani natunga maneno ya kumwambia binti. Nilikuwa na sababu saba, nzuri zote.

Kafika saa sita kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini. Gari kaliacha kwenye kalavati. Sikuwahi kutoa hata sababu moja. Kasema Baba, njoo, kuna kitu nataka unitazamie vizuri, macho yangu yasije yakanidanganya.

Tumetembea naye kilomita mbili. Kwenye jiwe la kilomita ya tatu alisimama akauliza kama bado nitamkemea. Nikamwambia akae. Akakaa na nguo yake nzuri.

Kipande kilikuwa chini ya tela muda wote. Kimelala chali kwenye mchanga, kiganja juu, vidole vitano, kizima. Binti alichuchumaa akaweka mkono wake. Alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimnyanyua kila tukipita ili apime, na mkono wake ulikuwa unapotea mle ndani kama punje kwenye bakuli. Leo umeenea. Haukupwaya, haukubana.

Tulilia wote wawili, wazi wazi, mchana kweupe. Mbuzi wakapita.

Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba yeye ameshamzika mmoja na hataki kupokea simu nyingine. Kasema hajawahi kuichukia barabara hii. Anaipenda kuliko mimi ninavyodhani, ila barabara haiwezi kumpigia simu.

Nimekwenda kufunga mizigo.

Jumatatu, 24 Machi

Chumba cha uani. Rangi ya maziwa si mbaya. Kipande cha saruji kimesimama karibu na kitanda. Tulikileta kwa toroli, mimi na Shemeji, kwa zamu. Mkewe kauliza kitu hicho ni nini, Shemeji kamjibu ni wifi yako, usikiwekee ndoo.

Mabasi ya huku yanapita mengi, lakini hayapigi honi. Hayajui mtu anakaa wapi. Jogoo nimemfuata, anawika uani saa kumi na moja kamili. Shemeji hajasema neno, lakini macho yake yameanza kuwa mekundu. Asubuhi natembea mpaka barabarani kwangu, nang'oa nyasi palipokuwa na kalavati, narudi kula. Binti anapiga simu kila jioni na namwambia nimetulia, nimekubali, mambo ya kuhangaika na Idara nimeyaacha. Nilipomwambia hivyo nilimaanisha kabisa.

Leo mchana barua imefika. Mleta barua kaja na baiskeli, anacheka. Idara inashukuru kwa ushirikiano. Barabara itaendelea kuwa imeachwa, ila iko wazi kwa matumizi ya umma. Imeshindwa kwa chombo kimoja tu. Hesabu itarudiwa mwezi wa tisa.

Kwa chombo kimoja tu.

Nimekaa na barua hiyo tangu saa nane, nikizungumza na kiganja. Kosa langu nimeliona sasa, na karani mwenyewe alinieleza, nami sikusikiliza. Chombo cha moto ni kitu kinachotumia mafuta. Mimi nilipeleka jiko la mkaa.

Jikoni kwa Shemeji kuna majiko mawili ya mafuta ya taa. Nimemuuliza mkewe kama moja anaweza kuniazima mwezi wa tisa, siku moja tu. Kauliza nataka kupika nini.