Chumba cha Meli Sebuleni

Jumanne, 4 Machi

Nimeahidi kuacha ujanja. Nimemwahidi mke wangu, nimeiahidi nafsi yangu, sasa naandika ili nisije nikajikana.

Basi nianze na ukweli. Binti yetu anayefanya kazi mbali ametulipia safari ya meli, mimi na mama yake. Wiki nzima baharini. Miaka ishirini na tano ya ndoa, kasema, mkapumzike. Chumba alicholipia ni kidogo na hakina dirisha. Sawa kabisa! Nani anahitaji dirisha usingizini?

Leo tumekwenda kwa wakala wa safari kuchukua tiketi. Dada wa pale, kucha ndefu, sauti ya asali, akatutolea picha ya chumba kikubwa. Kitanda kama uwanja. Roshani, viti viwili, bahari ile pale. Mnaongeza kidogo tu, baba, kaniambia. Hiyo "kidogo" nimeitazama mara mbili. Ni bei ya mashine ya kuranda mbao! Mashine ninayoiwekea akiba tangu ile ya zamani ilipotoa moshi mbele ya mteja.

Mke wangu akasema: "Kizuri." Neno moja. Namjua huyu. Aliwahi kusema "kizuri" mbele ya kibanda cha kuku cha jirani. Mwezi haukuisha, tukawa na kuku.

Machale yakanicheza. Kwanza, yeye na yule dada walitazamana. Pili, kaka yake, yaani shemeji yangu, mwenye mdomo kama spika ya harusi, anasafiri na meli hiyohiyo na kachukua chumba chenye roshani. Tatu, ile picha. Imepigwa kutoka kwenye kona, mpiga picha kachuchumaa. Mimi natengeneza makochi, mambo hayo nayajua. Nikipiga picha ya kochi la kuuza namkalisha jirani yangu kinyozi, mfupi kama kigoda. Kochi la watu wawili linaonekana la watu watano. Nakiri. Lakini mimi nafanya kwa ajili ya biashara. Hawa wanafanya kwa wizi.

Tumepewa mpaka Jumatatu kuamua.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Siyo ujanja. Utafiti.

Kipeperushi kina vipimo vya chumba kidogo. Nimesukuma makochi ya sebuleni, nimeshika futi na chaki, nimekichora chumba chenyewe sakafuni. Godoro ndani. Blanketi dirishani, maana dirisha halimo. Boksi la friji kwenye kona: choo. Akilala humo siku chache ataona kwamba kinatosha, na roshani itamtoka akilini. Nami nitapata mashine yangu roho kwatu.

Nakiri: kila upande nimeongeza shibiri moja. Tuseme chaki ilikuwa nene.

Mke wangu anauza vitambaa. Karudi jioni na mfuko wa vitunguu, akasimama mlangoni, akauliza huyo mgeni anayehamia sebuleni ni nani. Nikamweleza. Nilijiandaa kwa kelele. Badala yake kavua viatu, kaingia kwa kupitia mlango wa chaki, hakukanyaga mstari. Kakaa juu ya godoro. Katazama boksi la friji, kauliza kama maji yanatoka. Kisha kasema haya, tulale humu mpaka Jumatatu.

Haraka hivyo?

Niandike hapa jambo ambalo watu siwaambii. Mke wangu analala chumba cha binti tangu binti aondoke. Anasema ni mkoromo wangu. Mwaka wa pili huu. Nimeomba, nimelalia ubavu, nimejifunga taya kwa kitambaa mpaka nikaonekana kama ninaumwa jino. Hakurudi. Leo nachora mistari sakafuni na anakuja mwenyewe, na mto wake kwapani!

Kuna kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Chumba kidogo ni kidogo. Akivaa yeye, mimi nakaa kwenye godoro nimekunja miguu kama panzi. Nikisimama mimi, anakaa yeye. Pita. Aa, pita wewe. Mguu wangu huo! Nimekanyaga miwani yangu mwenyewe. Nilitaka kuruka mstari nikanywe maji jikoni, akanikamata shati: huko ni baharini, mume wangu, utazama.

Halafu akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akakumbuka chumba chetu cha kwanza cha kupanga, ambacho mlango ukitaka kufunguka lazima mmoja wetu apande kitandani. Mimi nikakumbuka sufuria tuliyokuwa tukiitundika juu ya vichwa vyetu, na siku iliponiangukia. Kasema aliilegeza makusudi, nilikuwa nimemwudhi. Miaka yote hiyo nilimlaumu mwenye nyumba! Tukazungumza mpaka chai ikapoa. Sikumbuki mara ya mwisho tulipozungumza bila kutaja gesi au umeme.

Nikamuuliza, na mkoromo je? Kasema: kwani ulikoroma?

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu anayefurahia kubanwa ana lake jambo.

Jioni ushahidi ukajileta. Nilikuwa ndani ya boksi la friji. Nakiri, nilijibanza. Nikamsikia akiongea na kaka yake kwenye simu: "Kaka, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe tukishafika huko."

Usimwambie kitu! Katika nyumba hii ya watu wawili, wa kutoambiwa ni nani kama si mimi?

Nilitaka kutoka kwa heshima. Boksi likatoka na mimi. Nikasema nilikuwa nakagua choo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kumchimba. Anauza vipuri vya magari, anakaa kwenye kiti cha kuzunguka na anazunguka kweli. Kaniita "shemeji wa chini ya maji". Kasema chumba kisicho na dirisha ni kaburi lenye nauli, ukiamka hujui kumekucha au umekufa. Kacheka peke yake, kanipiga bega. Nikamuuliza polepole, dada yako anapanga nini? Akaacha kuzunguka. Kasema muulize mkeo. Halafu akaniagizia soda.

Shemeji! Kuniagizia soda! Huyu mtu ana hatia.

Nikabadilisha mbinu. Nimemtuma kinyozi kwa wakala, ajifanye mteja, achunguze kama ile bei ya chumba kikubwa ni ya kila mtu au ni ya wajinga. Nilimfunza vizuri. Asiahidi kitu, asikae sana, asicheke. Kaondoka na shati langu la kola, limemfika magotini.

Kakaa huko mpaka mchana ukaisha. Karudi anang'aa kama kioo chake. Nikamuuliza, haya, bei? Kasema, fundi, yule dada ana maneno! Kaniita "bosi" mara mbili! Kumbe kashatoa malipo ya awali. Chumba kidogo, hakina dirisha, meli yetu, wiki yetu. Mtu ambaye hata bwawa la kuogelea amelionea kwenye picha ya kalenda tu! Tutakuwa wote, fundi, akaniambia, akanikumbatia kiunoni.

Na bei ya kile kikubwa? Kasahau kuuliza.

Yule dada ni hatari.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mke wangu alikuwa anapaka miguu mafuta, mguu mmoja ndani ya chumba, mwingine baharini. Kasema tuchukue kile kidogo. Kasema, kanunue mashine yako, roshani ya nini, mimi kila siku nakaa mlangoni kwangu nawatazama wapita njia. Kasema hata hivi tulivyo anaona raha.

Nikavaa viatu upesi.

Mtu wa kawaida angeruka kwa furaha. Nilichokitaka nimekipata, tena bila jasho! Lakini mimi siyo mtoto wa jana. Mteja akikubali bei yangu bila kubisha, nakagua noti.

Nimejifungia karakana, nimekaa juu ya kochi lisilo na sponji, nimefikiri. Jumanne: kizuri. Alhamisi: usimwambie kitu. Jumamosi: kidogo kinatosha. Ukiyapanga yanajisema yenyewe. Mimi nitaachwa kwenye shimo. Yeye atashinda kwenye roshani ya kaka yake na glasi ya juisi, na shemeji ataniangalia kwa jicho la pembe, ataniuliza kama huko chini kumekucha. Wiki nzima! Baada ya miaka ishirini na tano!

Kinyozi nilipomsimulia aliniuliza: kwani akitaka kukuacha chini, kwa nini alale na wewe kwenye chaki? Nikamwambia yeye ni mtu wa nywele, mambo ya ndani ya kichwa aniachie mimi.

Hawanipati.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelipa. Kikubwa! Mashine ya kuranda imekwenda na maji.

Nimemwambia yule dada nataka kama cha shemeji yangu, kisipungue hata kidole, na kiwe juu kulekule. Akabonyezabonyeza, akatabasamu, akasema kuna kimoja kimebaki, ni kama kilikuwa kinakusubiri wewe, baba. Nilijisikia mrefu. Njiani nimewasalimia watu nisiowajua.

Mke wangu hajui. Alikuwa ananisubiri ndani ya chaki na karanga kwenye karatasi, kaninyooshea nusu yake. Kauliza kama nimekwenda kuthibitisha kile kidogo. Nikasema mambo yote yako sawa. Siyo uongo. Yako sawa.

Kesho namshtukiza.

Jumanne, 11 Machi

Nimemshtukiza.

Nilimkabidhi tiketi mpya palepale ndani ya chaki, nimepiga goti moja. Hilo jingine lilikuwa ndani ya boksi. Akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza kama najua chumba hiki kiko wapi. Nikasema juu. Akasema kiko ubavuni mwa cha kaka yake, namba ya kaka yake anaijua kwa kichwa, amemtambia nayo tangu mwaka jana. Akasema hata roshani ni kama moja, katikati kuna kizuizi cha mbao, tena kinafunguka.

Halafu akaniambia lililobaki, taratibu, huku akikunja blanketi la dirishani. Kaka yake alitaka tuwe wote. Kula wote, kushuka wote, karata wote, kuanzia chai mpaka kulala. Yeye alikataa. Alimwambia anaitaka wiki moja na mume wake, wawili tu, kama enzi za kile chumba cha sufuria. Alimsihi asiniambie. Nikauliza kwa nini. Kasema, ungevimba kichwa. Nilitaka uyasikie kwangu, tukiwa huko, umetulia.

Na ile "kizuri"? Kasema kizuri ni kizuri. Kwani nilisema nakitaka?

Nikasema kuna viti viwili.

Akachukua mto wake. Akavuka mstari wa chaki bila kutazama chini, akaenda chumba cha binti. Mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nimelia kidogo karakana. Kinyozi kapita, nikamwambia ni vumbi la mbao. Kasema leo hujaranda kitu, fundi.

Nimetubu. Safari hii kwa dhati. Nimekuwa mtu wa kumshuku hata anayenitaka. Nikipewa karanga, nazikagua! Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Sitarudia. Naandika tena: sitarudia.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nilimwomba msamaha kwa maneno matupu, bila mpango wowote. Nikamtajia yote: boksi, soda, kinyozi. Nilipofika kwenye shibiri akasema alijua tangu siku ya kwanza, yeye anapima vitambaa kwa mkono kutwa nzima, alikuwa anasubiri niseme mwenyewe.

Kisha akasema: nenda, wakurudishie kile kidogo. Usiongeze la kwako. Ukifanya hivyo, mto wangu naurudisha chumbani kwetu. Siyo sebuleni. Chumbani. Mkoromo na uje.

Nimekwenda mbio, kiatu kimoja sijakifunga. Yule dada kanisikiliza, kasema hakuna shida baba, chumba chenu kidogo bado kipo, na pesa yako yote inarudi. Hapohapo! Hakuguna! Hakubembeleza!

Machale.

Mwuzaji anayerudisha pesa bila kununa ana mteja mwingine nyuma ya pazia. Nani huyo? Anakitakia nini kile chumba? Kina kitu gani ambacho mimi, mwenye nacho, sijaambiwa? Kalamu tayari iko mkononi mwake, ananisukumia karatasi nitie sahihi, anatabasamu. Wanataka kunipiga changa la macho, mimi!

Sikutia sahihi.

Nimefika nyumbani, mto wake ulikuwa tayari kitandani kwetu, na shuka jipya. Akauliza, umebadilisha? Mdomo wangu, bila kunishauri, ukasema ndiyo. Akanishika mkono. Hajanishika mkono hivyo tangu sijui lini. Sasa hivi yuko sebuleni anafuta chaki, namsikia anaimba.

Nakiri hapa kwa roho safi. Nitamwambia. Siyo leo, leo ana furaha, nani aende kuiharibu? Nitamwambia tukishang'oa nanga. Baharini mtu hawezi kuteremka, na asiyeweza kuteremka husamehe.

Ila anaweza kwenda kwa kaka yake. Ni hapo pembeni tu, na kile kizuizi kinafunguka.

Kesho nanunua komeo.