Setilaiti Haikosei Njia

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Meneja katuita ofisini, sote tunaoendesha boti za kampuni, akatangaza kwamba boti mpya inakuja. Ina paa, ina viti vya sponji, ina injini mbili. Inatafutiwa nahodha. Akatupitishia picha. Wenzangu wakatazama injini. Mimi nikatazama kiti cha nahodha. Kinazunguka! Miaka yote hii ziwani nimekalia debe lililogeuzwa. Kiti kile ni changu, na anayebisha abishe.

Mpinzani ni mmoja tu: Shemeji. Dada mkubwa wa mke wangu. Anaendesha boti ya pili, na mdomo wake hufika gatini kabla ya injini yake. Anatembea na dira shingoni utadhani refa na filimbi. Botini kwake kuna ramani ya karatasi, bildi ya kupimia kina cha maji, makasia, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Sasa hiyo ni boti au stoo?

Meneja ana swali lake. Boti mpya inunuliwe dira na ramani, au jipiesi ya kuonyesha njia kwa setilaiti inatosha? Atakayetoa jibu zuri na kulithibitisha majini Jumamosi, ndiye nahodha. Shemeji hakungoja kuulizwa. Akasema jipiesi ni kitu kizuri, hata yeye anayo, ila usiache mbachao kwa msala upitao, na betri haina adabu. Watu wakacheka. Mimi nikasema dira ni kisindano tu kinachotetemeka, na mtu mzima hafuati kitu kinachotetemeka. Hakuna aliyecheka. Nadhani hawakusikia vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Nimenunua kidude! Jipiesi mpya kabisa, bado ina karatasi ya plastiki kwenye kioo. Sitaibandua, inaleta heshima.

Nimekaa nacho kwenye kochi jioni nzima, miguu juu ya stuli, tukifahamiana. Kikaniuliza nyumbani ni wapi. Swali la adabu hilo! Dira gani imewahi kumuuliza mtu nyumbani kwake? Nikabonyeza papo hapo, bila hata kunyanyuka. Kikanishukuru.

Mke wangu akauliza kwa nini ninahitaji setilaiti kulitafuta ziwa ambalo linaonekana kutoka dirisha la jikoni. Kweli linaonekana. Nyuma ya ua wetu kuna kinamasi, na nyuma ya kinamasi kuna ziwa. Kwenda gatini tunazunguka na barabara. Lakini mambo ya anga huwezi kumweleza mtu anayekaanga vitunguu. Nikarudi kwenye kidude changu kishujaa.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimesafisha boti. Dira nimeirudisha stoo. Mtunza stoo akaniuliza kama naumwa. Makasia nimeyaacha gatini, yanaongeza uzito bure. Upondo nimempa jirani aanikie nguo. Ramani nimeipeleka nyumbani, mke wangu akaitandika kwenye rafu ya sufuria. Imeenea kabisa, kama ilichorwa kwa ajili ya rafu. Hatimaye ina faida.

Boti imekuwa nyepesi kama mimi. Nikawatangazia abiria kwamba kuanzia leo wanaongozwa na setilaiti. Bibi mmoja mwenye kapu la nyanya akauliza kama hiyo setilaiti inajua pia kuchota maji yanayoingia kule nyuma. Nikamwambia tusichanganye mambo.

Alhamisi, 6 Juni

Nina akili, jamani! Nimekwenda kwa Meneja kabla ya Shemeji hajafika kazini. Nikamwambia ili mashindano yawe ya haki, kila mtu aingie majini na kile anachokiamini, basi. Mimi jipiesi peke yake. Shemeji na takataka zake. Hapo kila mtu ataona nani anakwenda na wakati na nani ni jumba la makumbusho.

Meneja akakubali. Nilitegemea Shemeji awake. Hakuwaka! Alicheka mpaka akashika ukuta. Ni woga ule. Mtu akiogopa hucheka.

Kisha Meneja akaniambia neno ambalo nitalikumbuka maisha yangu. Jumamosi atapanda kwangu kwanza, na mama mkwe wake atakuja naye. Mama yupo ziarani na anatamani kukiona kisiwa tunachopelekea abiria. Mama mkwe! Mtu hamkabidhi mama mkwe wake kwa nahodha asiyemwamini. Nimekwisha kuupata ule ukapteni, bado kuvishwa kofia tu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya mazoezi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Hatuna, nimetumia stuli. Nimeanguka mara moja tu. Mke wangu akaniomba nimsikilize dada yake walau mara moja katika maisha yangu, maana botini kutakuwa na roho za watu. Alisema kwa upole, hata nikaogopa kidogo. Nikamwahidi nitalifikiria. Nimelifikiria. Hapana.

Jumamosi, 8 Juni

Mikono bado inanuka tope. Naandika ukweli mtupu, maana huko gatini watasema yao.

Asubuhi Shemeji alisimama kwenye ukingo wa gati, akanusa hewa, akasema ukungu unakuja, afadhali tungoje. Nikamuuliza mbele ya Meneja kama setilaiti kule juu nazo zinasumbuliwa na ukungu. Akatikisa kichwa, akaenda kukagua kamba zake. Nilimbwaga chini bila kumgusa.

Kwenda kisiwani mambo yalikuwa murua. Mshale mbele, mimi nyuma ya mshale. Mama mkwe akanisifu kwamba naendesha kama mtu aliyebeba mayai. Meneja, ambaye mbele ya mama mkwe wake hata kukohoa huomba ruhusa, akatabasamu kama kijana aliyefaulu mtihani. Nikaanza kufikiria rangi ya kitambaa cha kile kiti.

Wakati wa kurudi, ukungu ukatua. Loo! Hata pua ya boti sikuiona. Mwingine angetetemeka. Mimi nikabonyeza NYUMBANI. Kidude kikaniambia, kwa sauti ya dada mpole, nielekee mbele moja kwa moja. Nikaelekea. Meneja akauliza mbona hatuyaoni maboya ya gatini. Nikamjibu setilaiti haihitaji maboya. Baadaye kitu kikaanza kukwaruza ubavu wa boti. Meneja akauliza kama yale si matete. Nikamwambia ni ya kupita tu. Kidude kikasema mbele. Nikaongeza kasi.

Boti ikapanda tope. Injini ikakohoa, ikakata roho.

Katika ule ukimya tukasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa, akimwambia jirani yake kwamba mumewe hawezi kuziona soksi zake mwenyewe mpaka aonyeshwe, na leo kampeleka Meneja ziwani bila dira. Sauti nzuri. Naijua, nimeioa. Meneja akageuka polepole akaniuliza tuko wapi. Kabla sijafungua kinywa kidude kikamjibu: unakaribia nyumbani.

Ndipo nikaelewa. Nyumbani ni kochi! Kidude hakikukosea hata unywele. Kilikuwa kinatupeleka sote watatu kochini, kinamasi ndicho kilichoingilia. Nikamweleza Meneja kwamba kwa usahihi wa namna hii tunapaswa kujivunia. Hakujivunia.

Kasia hakuna. Upondo uko kwa jirani na mashuka juu yake. Mama mkwe akashusha mguu apime kina, tope likammeza hadi gotini, na alipouvuta kiatu kikabaki huko huko. Maji nayo yalikuwa yanaingia kwa nyuma, taratibu, bila haraka. Akanishika mkono akaniuliza kama tutakufa. Nilimwambia hapana, mama, na sauti yangu ikatoka nyembamba sana. Niliogopa. Basi, nimeandika.

Mke wangu alisikia kelele, akampigia dada yake. Kutoka gatini Shemeji akaja na ramani magotini, dira mkononi, bildi ikipima mbele yake, na mdomo ukifanya kazi muda wote. Tulimsikia kabla ya kumwona. Alisukuma kwa upondo akasema, akafunga kamba akasema, akatuvuta akasema. Hata kidude kilizima. Betri iliisha, au kilichoka kumsikiliza.

Jumapili, 9 Juni

Sijatoka nje. Jirani amekuja kuuliza kama nauhitaji upondo. Kwa sauti ya kebehi kabisa!

Jana sikumalizia. Mama mkwe aliletwa kwetu, akapewa maji ya moto, chai na nguo za mke wangu, akakaa kwenye kochi. Yaani mmoja wetu alifika! Meneja aliingia jikoni kumchukulia sukari. Akakaa sana. Nilipomfuata nikamkuta ameinua sufuria kubwa, anasoma rafu. Ramani ilikuwa imeonyesha kinamasi chote, kimechorwa mistari myekundu, na pameandikwa HAPAPITIKI. Akairudisha sufuria mahali pake kwa adabu. Akauliza kama rafu ya juu nayo ina ramani, au kule tunaweka vikombe tu.

Mtu akitania, hajakasirika. Bado nina nafasi.

Jumatatu, 10 Juni

Sina nafasi.

Boti mpya kapewa Shemeji. Alikalia kile kiti mbele ya kila mtu, akajizungusha mara tatu. Mtu mzima! Mimi nimebakishiwa boti yangu ya zamani kwa huruma ya mama mkwe, ambaye alimwambia Meneja kwamba yule baba hana ubaya, ana ujinga tu, na ujinga haufukuzwi kazi. Ni mama mwenye utu. Ila kuna sharti. Siondoki gatini mpaka dira iwe imefungwa mbele ya usukani, na kila asubuhi msimamizi wa gati aikague.

Shemeji akaja kunipa pole. Nilijiandaa kwa kejeli, lakini alikaa pembeni yangu kwenye debe la pili na kwa mara ya kwanza akazungumza polepole. Akasema alipotuona kwenye matete yale alimfikiria mdogo wake, mke wangu, angebaki na nani. Akasema hana ugomvi na jipiesi. Akasema tu kidole kimoja hakivunji chawa, lazima kuwe na kingine cha kukisaidia. Machozi yalinilenga. Nikamwambia nimemwelewa.

Na kweli nimemwelewa. Kidole kimoja hakitoshi! Mbona sikuliona hili mapema?

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi njema, ziwa limetulia. Nimenunua kidude cha pili! Kimoja kikizima, kingine kinaendelea. Sasa ninayo akiba kama Shemeji alivyotaka, na hana la kusema.

Nimevifunga vyote viwili kwenye usukani, kimoja kulia, kingine kushoto, kwa vishikio vipya vyenye sumaku kubwa. Fundi kaniapia kwamba hata boti ipinduke, vidude havibanduki. Katikati yao, pale panapobanana, nimeiweka ile dira yao. Mimi ni mtu wa kufuata masharti.

Msimamizi akaja kukagua. Akanikuta nimeielekeza boti ziwani. Nikaigeuza kidogo aone. Sindano ya dira haikutafuta kaskazini, ikabaki imekodolea kidude cha kulia. Nikaigeuza upande wa pili. Sindano ikarukia kidude cha kushoto, ikatulia huko. Msimamizi akashika kichwa, akakimbia ofisini kumwita Meneja. Acha aje. Aje na Shemeji pia, na dira yake shingoni, ajionee kwa macho yake. Wiki nzima nimewaambia watu hawa kwamba dira si kitu cha kuaminika, na leo hatimaye nina ushahidi.