Kwezi, Boneti na Jumapili ya Ortwin Kimmerle

Sogeeni, enyi wenye magari na enyi mwendao kwa miguu. Wekeni vikombe chini na wanyamazisheni wanaokohoa, mpate kusikia habari kuu ya Ortwin Kimmerle wa Rielheim, mkaguzi wa lifti mstaafu, bwana wa ndoo mbili, asiyewahi kuliacha tope lilale usiku mmoja juu ya rangi. Nawe ulimi wangu, usiteleze wala usipunguze kitu, kwa maana mambo haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe kutoka roshani ya ghorofa ya pili, mkabala na nyumba yake, ninapopanga kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuna mwandishi mwingine aliyejitokeza kuyaandika.

Kila vita vina sababu yake. Kwa muda wa miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi asubuhi, jua liwake au theluji ianguke, Ortwin alilitoa gari lake jeusi akalipeleka kituo cha kuoshea magari, maana kwetu halmashauri imekataza kuosha gari mlangoni, sabuni isije ikaingia ardhini. Alikwenda na ndoo ya sabuni na ndoo ya kusuuzia, na kitambaa cha milango ambacho hakikuruhusiwa kugusa boneti, na brashi ya magurudumu ambayo haikuruhusiwa kugusa chochote kingine. Alirudi adhuhuri akiwa mshindi, kisha akalipaka nta hadi saa ya chai. Na kwa miaka hiyohiyo thelathini na mmoja, kila Jumamosi asubuhi, mkewe Roswitha aliipanda peke yake njia ya mashamba ya mizabibu, akaketi peke yake kwenye benchi la juu, akashuka peke yake. Sitasema kwamba alilia. Roswitha si mtu wa kulia. Ni mtu wa kufunga mlango polepole kuliko kawaida.

Hata mwaka huu, mwezi wa Septemba, daktari akalitazama goti lake la kushoto, akamwambia kwamba majira ya baridi yakifika litapasuliwa, na kwamba kuhusu kupanda mlima baada ya hapo yeye haahidi kitu. Wiki hiyohiyo Ortwin akapata habari za mpako wa kauri, ile dawa ngumu ya kulinda rangi ya gari.

Walikuwa bustanini wakila mkate wao wa jioni, nami juu nikimwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa. Ortwin akasimama, kisu cha siagi mkononi, akatoa hotuba.

"Roswitha," akanena, "miaka yote hii nimepigana na adui kwa sponji na nta, na kila juma adui amerudi akiwa na nguvu zilezile. Sasa imekuja silaha isiyo na mfano. Hupakwa mara moja, ikadumu miaka mitano. Mvua ikinyesha, maji hujikusanya matone matone, yakateremka yenyewe na uchafu wote. Ugumu wake ni daraja la tisa."

"La tisa la nini?"

"La penseli. Hupimwa kwa penseli."

"Na nani anakuja kutuchorea gari kwa penseli?"

Shujaa akakipunga kisu cha siagi hewani.

"Bei je?" akauliza Roswitha.

"Kama wiki moja ziwani, watu wawili, pamoja na chakula cha asubuhi."

"Basi si twende ziwani, mzee wangu."

"Ziwani tutakaa wiki, halafu tutarudi. Hii ni miaka mitano ya Jumamosi, mama. Gari litajisafisha lenyewe, nami nitapanda mlima pamoja nawe. Nakuapia kwa ndoo zangu zote mbili."

Roswitha akaufuta ukingo wa sahani kwa kipande cha mkate, akakila, ndipo akajibu. "Ufagio wa akina Rapp unateremshwa Jumapili ya pili ya Oktoba. Siku hiyo twende, wewe na mimi, kabla hawajanikata goti. Ukiniahidi hilo, paka unachotaka."

Akina Rapp ni wakulima wa zabibu kule juu. Majuma machache kila vuli huning'iniza ufagio langoni, wakauza divai mpya na pai ya vitunguu ndani ya ghala lao. Ufagio ukiteremshwa, shughuli imekwisha mpaka mwaka ujao. Ortwin akaahidi, akiwa bado ameshika kisu cha siagi, na mimi ni shahidi.

Basi Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo gari likarudi kutoka kwa Darko, bingwa wa mipako, mwenye karakana nyuma ya stesheni. Alikuwa amelilaza siku mbili chini ya taa, akalipaka kauri toka pua hadi mkia, akamkabidhi Ortwin hati ya kurasa nne yenye muhuri wa dhahabu. Nakiri, liling'aa. Niliona roshani yangu yote ndani ya mlango wake, pamoja na chupi zangu kwenye kamba.

Ikawa asubuhi ya Jumapili ya ufagio, anga safi, hewa baridi, Roswitha ndani akifunga kamba za viatu vya mlimani. Walikuwa wameafikiana kuondoka saa nne na nusu, kwa sababu ifikapo saa sita hakuna kiti kwa Rapp hata cha mtoto. Na Ortwin, aliyeweza kulifungia gari gerejini na kuishi maisha marefu yenye amani, akalitoa nje. Mwenyewe alisema ni kuipa rangi hewa. Mimi nasema yalikuwa maringo matupu, maana watu wa kanisani walikaribia kupita.

Saa nne na dakika kumi mzinga wa kutishia ndege ukalia kwenye shamba la Rapp. Jeshi la kwezi likainuka kutoka kwenye mizabibu, elfu kwa maelfu, matumbo yamejaa zabibu za watu, likageuka juu ya mtaa wetu mara moja, likarudi lilikotoka. Halikushuka wala halikutangaza vita. Liliacha mjumbe mmoja tu: tone zito la zambarau, lenye ganda la zabibu ndani yake, lililotua katikati kabisa ya boneti.

Ortwin akapiga hatua mbili nyuma. Alikuwa amevaa viatu vya nyumbani vya manyoya, na mkononi ana kitambaa kipya cha nyuzi laini, cha kijivu, ambacho alikuwa amekitoa kwenye karatasi yake asubuhi hiyo ili kukishika tu. Kisha akafunua hati. Ukurasa wa pili ulisema kwamba kwa siku saba za kwanza gari lisiguswe na maji wala sabuni. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba kinyesi cha ndege kiondolewe papo hapo kwa maji mengi, la sivyo kitakula mpako, na dhamana itakuwa imekufa. Akasoma ukurasa wa pili tena. Akasoma wa tatu. Nilimwona akigeuza karatasi ile mbele na nyuma, na usoni alikuwa mtu aliyesalitiwa na kaka yake wa tumbo moja.

Akampigia simu Darko, akaweka sauti kubwa ili mikono yake iwe huru kwa vita.

"Bwana Kimmerle, leo Jumapili," ilisema simu. "Niko mezani na mama mkwe."

"Kwezi amenishambulia. Katikati ya boneti. Nifanye nini?"

"Lowesha kitambaa, futa taratibu."

"Imeandikwa hakuna maji siku saba."

"Basi usifute."

"Imeandikwa kifutwe papo hapo."

Sahani zikasikika. "Kuna mwavuli hapo?"

"Upo."

"Kiwekee kivuli kisikauke. Kesho nitafikiri." Simu ikakatwa.

Kwa hiyo Ortwin Kimmerle akasimama barabarani, siku ya jua, akiwa ameshika mwavuli mweusi juu ya tone la kinyesi, na watu wa kanisani wakapita. Wengine walimwamkia. Mchungaji alivua kofia, nadhani alidhani kuna msiba.

Wakati huo dirisha la chini likafunguka, na mto wa kuegemea viwiko ukawekwa kizingitini, na juu ya mto vikaja viwiko, na nyuma ya viwiko akaja Bi. Sauter, mwenye nyumba yangu, mlinzi wa sheria zote za mtaa, hasa ile ya kutofanya kazi nje siku ya Jumapili, ambaye barua zake halmashauri wanazitambua kwa mwandiko.

"Bwana Kimmerle, unaosha gari Jumapili?"

"Silioshi, Bi. Sauter. Nalitazama."

"Na hicho kitambaa?"

"Kiko mkononi tu."

"Kikigusa gari ni kuosha. Nakwambia mapema, usije ukasema jirani hakukwambia."

"Hakitagusa."

"Haya. Mimi nipo hapa."

Hivyo ndivyo shujaa alivyozingirwa: mbele tone, mikononi hati, nyuma sheria ya Jumapili, juu kwezi wakijipanga upya. Saa nne na nusu ikagonga. Mlango ukafunguka, Roswitha akatoka na fimbo yake na koti la kijani, akautazama mwavuli, akalitazama tone, na hakuhitaji kuelezwa.

"Tunakwenda?"

"Dakika tano, mama. Jua likizunguka nyuma ya paa la Sauter tu."

"Linazunguka saa ngapi?"

Ortwin akapiga hesabu, kwa kuwa ni mtu mkweli. "Saa nane kasoro."

"Ulisema gari litajisafisha."

"Litajisafisha. Baada ya Alhamisi. Kwa sasa mpako ungali laini, unanielewa, mama, ni kama—"

"Ortwin. Mimi nimeelewa." Hakupandisha sauti. Akalifunga geti la bustani, polepole kuliko kawaida, akaelekea njia ya mlimani.

Nilikasirika, nasema wazi. Nilikuwa na kopo la maji mkononi na nilifikiria kulimwaga lote juu ya boneti, sheria na dhamana vipotelee mbali. Lakini historia haiandikwi na mpangaji wa ghorofa ya pili.

Ortwin akabaki na mwavuli wake. Robo saa nzima hakusogea, ila alikuwa halitazami tena gari, alitazama mlima. Kutoka mtaani kwetu njia yote huonekana mpaka penye kona ya msalaba wa mawe, na koti la kijani lilikuwa linapanda, dogo, bila haraka. Penye kona likasimama. Roswitha akaegemea fimbo, akainama, akalishika goti kwa mikono miwili. Akakaa hivyo muda. Kisha akanyooka akaendelea, na wala hakugeuka nyuma kutazama kama kuna mtu anayemfuata, maana kwa miaka thelathini na mmoja hapakuwa na mtu.

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo tendo lenyewe lilipotendeka. Ortwin Kimmerle akaufunga mwavuli. Jua likashuka juu ya tone kwa nguvu zake zote, likaanza kulikausha mbele ya macho yake, naye akaliona likikauka, akaukunja mwavuli vizuri, akauegemeza ukutani, akaondoka.

"Bwana Kimmerle," akaita Bi. Sauter, "na hilo doa?"

"Lipo."

"Nikutazamie?"

"Tazama upendavyo, jirani. Usiliguse tu, ni Jumapili."

Akapanda akiwa na viatu vya manyoya. Nami nikashuka ngazi nikamfuata kwa mbali, kwa sababu mambo makubwa yakihamia mlimani, mwandishi naye hana budi kuhama. Alikimbia mahali pa tambarare na kuhema mahali pa mwinuko, viatu vikimvuka, akavirudia, akavivaa, akaendelea. Alimkuta kwenye benchi la juu, hatua mia moja kabla ya ghala la Rapp. Roswitha alikuwa amesimama kando ya benchi. Umande ulikuwa bado umelilowesha, hakuwa na pa kukaa.

"Na gari?" akauliza.

"Linajisafisha."

Akamtazama miguuni. "Umekuja na viatu vya chumbani."

"Vile vingine vina kamba. Ningechelewa."

Ndipo Ortwin akagundua kwamba kitambaa bado kiko mkononi mwake, kile kipya, cha kijivu, ambacho hakijawahi kugusa kitu. Akainama, akalifuta benchi, ubao wa kwanza kisha wa pili, kutoka juu kwenda chini, bila kuzungusha, jinsi boneti inavyofutwa, mpaka mbao zikakauka pande zote mbili. Roswitha akaketi. Akasogea kidogo upande wa kushoto, alikokuwa hajawahi kuwa na sababu ya kusogea, na Ortwin akaketi. Nilijifanya naangalia zabibu.

Kwa Rapp walipata viti viwili vya mwisho, karibu na mlango. Mchana ule mzee Rapp alipopanda ngazi kuuteremsha ufagio, walikuwa bado wamekaa, na Ortwin alikuwa na vitunguu kwenye masharubu.

Kuhusu tone, lilikaa mpaka Alhamisi, siku maji yaliporuhusiwa. Lilipotoka liliacha duara hafifu la ukubwa wa kifungo cha koti, ndani kabisa ya ule ugumu wa daraja la tisa. Darko alikuja, akaliinamia kwa taa, akasema dhamana haihusiki, lakini kwa bei nzuri anaweza kulisugua na kulipaka upya. Ortwin akamwambia aliache.

Siku hizi wanaume wa mtaa humjia wakitaka kujua kama mpako wa kauri una thamani ya bei yake, kwa kuwa wauzaji wanasema ndiyo na wake zao wanasema hapana. Yeye huwajibu kama mkaguzi: maji huteremka vizuri, tope hutoka nusu, kwezi hajali. Wakimbana zaidi, wakitaka neno moja, ndiyo au hapana, huwaambia wapite Jumamosi walione gari wenyewe. Wanapita Jumamosi, wanakuta gari limekaa nje na vumbi lake, doa katikati ya boneti, na nyumbani hakuna mtu.

Basi na iandikwe, na watakaokuja waisome, kwamba Jumapili ya ufagio, saa nne na dakika hamsini asubuhi, mbele ya Bi. Sauter na mpangaji wake, Ortwin Kimmerle wa Rielheim aliliacha gari lake likiwa chafu.