Mwizi Aliacha Jiwe

Jumatatu, 3 Machi

Pikipiki imeibwa! Mchana kweupe, mbele ya duka la vitambaa, pale juu ya mteremko. Nilikuwa ndani dakika ishirini tu, narekebisha cherehani ya mteja. Kutoka nje: jiwe lipo, pikipiki haipo.

Jiwe ni lile ninaloliweka chini ya gurudumu. Betri ilikufa mwaka juzi, kwa hiyo huegesha penye mteremko, natoa jiwe, nakaa, inashuka, inawaka. Siri yangu. Haijui mtu yeyote isipokuwa mtaa mzima.

Nimelipeleka jiwe kituoni kama ushahidi. Sajenti wa zamu ameniambia niliondoe mezani. Nimemweleza kwamba lina alama za vidole. Akasema ni vidole vyangu. Amejuaje? Namtilia shaka.

Mke wangu kashika kichwa. Kadi ya pikipiki ina jina lake, na bima pia. Niliandikisha hivyo ili kaka yangu akija kuazima nimjibu si yangu. Amesema bila pikipiki sitawafikia wateja, na nisipowafikia watahamia kwa Bobini, fundi cherehani mwenzangu. Hapo nikakaa chini ghafla. Bobini!

Jumanne, 4 Machi

Upelelezi umeanza. Kinyozi yuko mkabala na banda la Bobini. Nimekaa kiti cha dirishani. Kinyozi akasema kiti hicho ni cha wanaonyolewa. Haya, ninyoe, lakini taratibu.

Saa tatu Bobini katoka na begi. Viatu vipya! Saa nne karudi anapiga mluzi. Mtu asiye na hatia apige mluzi Jumanne, kwa lipi? Saa tano akaniona, akanipungia mkono. Huo ni ujasiri wa mwizi mzoefu.

Nywele zikaisha. Kinyozi akauliza ndevu. Ndiyo. Zikaisha. Akauliza nyusi. Nikamwambia aanze na upande mmoja, tuone Bobini atafanya nini. Bobini akafunga banda akaenda kula.

Mke ameuliza upande wa pili umemkosea nini kinyozi.

Alhamisi, 6 Machi

Fomu ya bima. Kurasa sita! Watu hawa wanashuku kila mtu. Tabia mbaya sana.

Wanataka hali ya chombo kabla ya kuibwa. Kweli yenyewe: tairi la nyuma lina kipara kunishinda, taa ya mbele imefungwa kwa lastiki ya suruali, breki ya nyuma ni kandambili yangu, kioo cha kushoto hakipo, honi ni mdomo wangu. Nikiandika hivyo si wataniletea baiskeli? Nimeandika: tairi mpya, taa mpya, breki mpya, betri mpya. Kiti: cha kiwandani. Alama za pekee: hakuna. Kiti kilichanika zamani, na mke wangu, ambaye ni mshonaji, alikishona zigizaga kwa uzi wa zambarau. Hayo hayawahusu.

Wameuliza ilikuwa imefungwa kwa kifaa gani. Nimeandika: kifaa cha kuzuia mwendo, kisichotumia umeme.

Kisha wanataka funguo zote mbili. Hata moja sina. Swichi mimi huizungusha kwa mpini wa kijiko. Nimekwenda kwa fundi funguo nikaomba mbili zinazofanana. Akauliza za kufungua nini. Nikamwambia hilo halimhusu. Akaniangalia kwa jicho baya. Nimemwandika kwenye orodha yangu, chini ya Bobini na sajenti.

Mke ametia saini bila kusoma, pini mdomoni, anampima mteja kiuno. Aliuliza tu kama nimeandika kweli. Nikasema kila kitu nimekiandika vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki nzima kwa miguu na sanduku la vifaa begani. Wateja watatu wamehamia kwa Bobini. Leo kaja nyumbani kutupa pole. Ati nichukue baiskeli yake mpaka mambo yakae sawa. Nimekataa katakata. Huruma ile si bure, dhamiri inamsuta.

Jumatano, 12 Machi

Balaa! Pikipiki imepatikana!

Mwizi aliona polisi barabarani, akaitupa, akatimua mbio. Namba zote zimekwanguliwa, kwa hiyo mwenyewe aende kituoni akaitambue. Mkaguzi wa bima naye atakuwepo. Nimekwenda na mke wangu.

Niliiona nikataka kulia. Tairi mpya, mbele na nyuma! Taa mpya! Betri! Breki! Swichi mpya na ufunguo wake unaning'inia! Kila uongo nilioandika, mwizi ameutengeneza. Ni mtu wa namna gani huyu? Anataka nini kwangu? Kiti tu ndicho kile kile, na zambarau yake.

Mkaguzi akajaribu funguo zetu. Hazikuingia. Akaniuliza kama pikipiki ni yetu. Nikawaza haraka. Nikikubali, fomu inaumbuka na madai yanakufa. Nikikana, bima inanipa mpya ya dukani, yenye honi. Nikasema siitambui. Nikaongeza kwamba hata inayofanana nayo sijapata kuiona.

Mke wangu alikisogelea kiti. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mshono. Akasema huo ni mkono wake. Kisha akaomba fomu. Akaisoma yote amesimama, kurasa sita, mpaka chini kabisa penye saini yake.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema watu wanamwachia vitambaa vyao vya arusi bila hata karatasi, kwa sababu neno lake linatosha, na mimi nimemsainisha uongo akiwa na pini mdomoni. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto. Sikujua mikono niiweke wapi.

Akawaeleza yote. Kijiko, kandambili, jiwe. Mkaguzi akafuta madai, akasema mama amejiokoa kwa kusema kweli, ila barua ya onyo itakuja kwa jina langu. Sajenti akaomba kukiona kijiko. Huyo bado simwamini.

Alhamisi, 13 Machi

Mke anaendesha. Mimi nyuma, nimekumbatia sanduku. Ufunguo kauvaa shingoni pamoja na futi yake ya kupimia. Njia nzima kaniambia maneno mawili: shika vizuri.

Usiku huu nimeomba radhi. Akasema amesikia. Baadaye akasema Jumamosi nitapewa ufunguo niwazungukie wateja, niurudishe saa kumi jioni. Ati ananiamini mara hii moja, na hataniambia tena. Nikatikisa kichwa kukubali. 

Jumamosi, 15 Machi

Ufunguo ninao! Mimi ni mtu mpya.

Ila nimeikagua pikipiki kwa makini. Kioo cha kushoto bado hakipo. Honi haitoi sauti. Yule bwana hakumaliza kazi, polisi walimkatiza. Fundi mwenye mkono ule hawezi kulala usingizi huku ameacha kazi nusu. Namjua, ni mfia kazi kama mimi.

Saa nne sasa. Nimeiegesha mbele ya duka la vitambaa, pale pale. Ufunguo nimeuacha kwenye swichi asije akavunja kitu kizuri. Jiwe nimeliweka chini ya gurudumu, ajue ni mimi. Chini ya jiwe nimebana karatasi, herufi kubwa: KIOO CHA KUSHOTO. HONI. KITI USIGUSE, AMESHONA MKE WANGU. IRUDI KABLA YA SAA KUMI.

Naandika haya nikiwa nyuma ya majora ya vitambaa, nachungulia.

Saa nne na nusu. Bobini anapita. Amesimama! Ameinama, anasoma karatasi yangu. Anakuna kichwa. Amechomoa ufunguo! Amekunja karatasi kaitia mfukoni, na sasa anatembea upesi upesi kuelekea nyumbani kwangu, kwa mke wangu, ufunguo mkononi.

Nilijua! Tangu siku ya kwanza nilijua ni yeye!