Ombi la kuandikisha uwanja wangu kama kituo cha chanjo

Bunia, quartier Bigo, tarehe 14 mwezi wa tatu 2012

Kwa Madame Titulaire wa kituo chetu cha afya
(ifike mikononi mwake mwenyewe, javel ya kunawia ikisha kukauka)

Madame Titulaire,

Ninakusalimia kwa heshima yote. Ninakuandikia weye kama mukubwa wa kituo, si kama mukamwana wangu. Na mukamwana sina ruhusa ya kubishana: kwetu baba-mukwe hakai na muke wa mutoto wake wakaanza kutoleana maneno, na unajua tangu Vital akuoe sijakula hata mara moja mbele ya macho yako. Lakini kwa Titulaire kila raia anaweza kuleta malalamiko. Kwa hiyo ninaomba uisome hii barua kwenye bureau, ukiwa umevaa ile blouse nyeupe ya kazi, na ukiivua usahau kama tunajuana.

Jambo lenyewe ni hili. Siku za Mungu tano, siku za kanisa, zimepita, mujukuu wangu Osée hajakanyaga kwangu. Ana miezi kumi na moja, njo kwanza anaanza kusimama. Vital alikuja kutuambia kwenye mulango, hata kiti alikataa, kwamba umekataza mutoto asiletwe tena kwa babu yake wala kwa tate yake, muke wangu Angélique. Sababu, alisema, ni mikrobe, vile vidudu visivyoonekana kwa macho. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Mikrobe za kwangu zimehukumiwa bila kusikilizwa. Miye nilikomaa katikati yao. Kwa mama yangu tulizaliwa tisa. Tulitambaa kwenye mavi ya ng'ombe, tulikunywa maziwa yangali na joto la ng'ombe mwenyewe, hakuna aliyetuchemshia kitu. Na leo, Madame, wote tulio hai tuko na afya nzuri sana. Unaweza kutuuliza mumoja mumoja. Tuko watatu.

2. Usiseme kwamba sijui usafi. Nimeufundisha miaka makumi mbili na nane, darasa la tano, kila siku ya kwanza ya juma asubuhi. Shule haikuwa na bomba, basi nilichora bomba kwenye ubao, nikachora na maji yanatoka, na watoto makumi sita wakanawa kwa hewa huku wakiimba. Inspecteur aliniandikia « très bien ». Hakuna mutoto hata mumoja alirudi kunilalamikia juu ya tumbo. Kweli, wengine hawakurudi kabisa, lakini hao niliwaandika « absent » na nikaendelea na hesabu.

3. Wakati wa vita, tulipolala chini ya mabâche ya plastiki karibu na uwanja wa ndege, familia nne tulikuwa tunatumia bidon moja ya maji, na sikumbuki nani alikuwa anaiosha. Bwana yako Vital alikuwa kijana wa miaka kumi na tano. Alihara mpaka suruali ikawa inamushuka akisimama. Leo umuangalie: ana shingo nene, anamaliza bukari ya watu wawili. Ile shingo ni nani alimupa? Siyo kituo chako. Ninaidai kwa niaba ya mikrobe za kambi.

4. Weye mwenyewe, Madame, kila siku ya tatu ya juma unawadunga watoto chanjo, na nilikusikia ukielezea wamama (nilikuwa nje, upande wa dirisha, nikipita tu, mara tatu nilipita) kwamba ndani ya sindano mumo kamikrobe kamekufa ao kamechoka, mwili unakaona, unajifunza kupigana. Nilifurahi sana. Basi tuko na kazi moja! Tofauti ni kwamba za kwako zimekufa na za kwangu ziko hai, hazihitaji frigo, na mutoto halii. Kwangu kuko ng'ombe moja, mabata sita, mbuzi wawili, shimo la takataka lililo wazi, na kisima ambacho hakiko mbali sana na choo. Ni kituo kamili. Kwa hiyo ninaomba rasmi uwanja wangu uandikwe kama annexe ya chanjo, tawi la kituo chako, na miye niwe muchanjaji wa kujitolea. Mushahara siombi. Kofia tu, yenye maandishi.

5. Ukitaka ushahidi kwamba dawa hii inafanya kazi, uangalie jirani yangu Gaspard. Wakati wa vita yeye alikuwa ngambo ya kizuizi na miye ngambo ingine, na unajua maana yake, sitaandika. Aliporudi kwenye parcelle yake sikuweza kuvumilia hata kikohozi chake. Nilikuwa nikikisikia mwili unawaka homa. Tukaanza kidogo kidogo. Siku ya kwanza jambo. Siku ya tatu anaazima nyundo. Siku ya tano hakuna kitu, ili joto lisipande. Sasa anaweza kucheka kwa sauti nyuma ya ukuta na miye ninaendelea kunyoa ndevu. Hii amani yetu yote ya Bunia iko chanjo ya namna hiyo, Madame: kila mutu anapewa mwenzake katone katone, na tunaomba Mungu dose isizidi. Kama miye muzee mwili wangu umejifunza Gaspard, Osée atashindwa kujifunza bata?

6. Ninajua utanikumbusha ile mambo ya tumbo. Sikatai. Mutoto alihara, alitapika, akalala siku tatu kwenye serumu, macho yakaingia ndani, na mukono wake ulikuwa mudogo hata sindano ilikosa mahali. Nilisimama nje. Lakini hiyo mambo si ilikwisha? Bibi yangu Angélique alisimama mbele yako na mbele ya wagonjwa wote, akakubali kwamba njo yeye alimupa maziwa mabichi. Ni mwanamuke muzee, hakusoma, mikrobe atazijulia wapi. Umemusamehe ao hujamusamehe, lakini kosa la mutu mumoja lisifungie nyumba nzima. Anakaa na ile kofia ya mutoto anayofuma, anafuma anafumua. Na miye, niandike wazi: juzi nilipita mbele ya kwenu kule Mbunya, Osée akaniona, akanyoosha mikono, nikajifanya ninatafuta njia. Inaniuma sana, Madame.

Ninangojea jibu lenye muhuri, cachet ya kituo. Unisalimie Vital na shingo yake, unisalimie Mama Débora wa maternité, sentinelle wa mulango, wamama wote wa siku ya tatu, na hata mikrobe za kituo chako, ambazo ninasikia zinaishi kwa woga mukubwa.

Wako mutiifu katika usafi wa hewa,

Gérard, mwalimu katika pumuziko

P.S. Ketsia, mwanangu. Nilikuwa nimekwisha kufunga enveloppe. Angélique aliniomba nimusomee, kwa sababu yeye hasomi. Nilisoma yote mpaka namba sita, na namba sita sikupata njia ya kuiruka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: « Tuma tu, Gérard. Miye nilikwisha kusema ni miye. »

Si yeye. Ni miye nilikamua asubuhi ile, nikachovya kidole kilichotoka kufunga kamba ya ng'ombe, nikamutia mutoto mudomoni, tena na tena, kwa sababu baba yangu aliwaonjesha wajukuu wake vile na nilitaka na miye nionekane babu. Yeye alikuwa sokoni. Ulipotoka na kuuliza ni nani, nilikuwa pale, nikaangalia chini. Akaniangalia kidogo, akajibu yeye, ili mukamwana asimugombeze baba-mukwe mbele za watu.

Miye unikataze, ni haki yako, na kwa barua hii ninakubali. Lakini siku ya Mungu inayokuja umuachie Angélique aje kumubeba mutoto. Mikono yake iko safi. Hata siku ile ilikuwa safi.